Magoti ya Baba Yanauma: Akae Tu?

Baba ametumika shimoni miaka 20, mara nyingi akipiga magoti kwenye mawe. Leo ana miaka 50. Asubuhi akiinuka, magoti yanalia ka! ka! Jamaa wanamwambia: "Baba, ukae tu, usijichokeshe." Ni shauri la mapendo, lakini si zuri. Goti linashikwa na nyama za paja. Mtu akikaa bila kutembea, nyama zile zinalegea, na goti linabaki bila msaidizi.

Basi aanze na kiti. Akae, anyooshe mguu mmoja mbele, ahesabu mpaka 5, aushushe polepole. Mara 10 kila mguu, kila siku. Hata mama anaweza kufanya hivi akingoja maji ya bukari yachemke. Kisha atembee njia iliyo sawa, ama apande kinga, kiti chake kikiwa juu kidogo ili goti lisikunjwe sana. Mpira pamoja na vijana auache kwanza: kule kugeuka kwa ghafula ndiko kunaumiza.

Maumivu kidogo si neno. Lakini kesho yake goti likiuma kupita mbele, apunguze. Likivimba na kuwa na moto, ama likikwama, asilisugue na dawa ya soko. Aende kwa munganga.

Na unene? Mtu mnene akipunguza kilo 1, goti linapunguziwa mzigo wa kilo karibu 4 kila hatua.

Ninyi vijana, mfuko wa unga mumbebee baba. Kutembea, mumwache atembee mwenyewe.