Unaponyanyua vyuma, kidole gumba ndicho kufuli



Ndugu msomaji, katika mitaa yetu vijana wengi hukutana jioni baada ya Swala ya Alasiri kunyanyua vyuma. Wenye uwezo huenda jimu, wengine hutumia bomba la maji lililofungwa makopo ya saruji huku na huku. Ni jambo jema, kwani Uislamu unapenda Muumini awe na nguvu. Lakini mwili ni amana, na katika Surat al-Baqarah, aya ya 195, tumekatazwa kujitia wenyewe katika maangamizi. Wiki hii tuangalie jambo ambalo wengi hawalitilii maanani: namna ya kushika chuma.

Unaposukuma ukiwa umelala chali

Wapo wanaoweka kidole gumba upande mmoja na vidole vingine vinne, kwa madai kwamba mkono hauchoki. Wazungumzaji wa Kiingereza wameuita huu "mshiko wa kujiua", na jina hilo si mzaha. Bila gumba kuzunguka, chuma kimekaa tu juu ya kiganja. Kikiteleza, huangukia kifua au shingo. Kinaweza kuvunja mbavu, kubana koo na hata kuua, hasa kwa aliye peke yake. Kwa hiyo gumba lizunguke chuma daima, na mwenzako asimame upande wa kichwa chako. Kama hayupo, acha benchi siku hiyo, piga pushapu.

Chuma kikae sehemu ya chini ya kiganja, karibu na kifundo cha mkono, na kifundo kinyooke. Kikikaa karibu na vidole, kifundo hupinda nyuma na mshipa wa fahamu hubanwa. Dalili yake ni ganzi kwenye gumba, kidole cha shahada na cha kati.

Unapovuta kutoka chini

Hapa chuma kikae kwenye mashina ya vidole. Wengine hugeuza kiganja kimoja kitazame mbele na kingine nyuma ili chuma kisizunguke. Mshiko huo una nguvu, lakini kano ya msuli wa mbele ya mkono uliogeuzwa inaweza kukatika, hasa ukikunja kiwiko. Mikono inyooke kama kamba. Wanyanyuaji wa Olimpiki hufunika gumba kwa vidole vya mkono huo huo. Huuma mwanzoni, lakini chuma hakitoki.

Tazama pia unene. Chuma cha Olimpiki cha wanaume kina milimita 28, cha wanawake 25. Bomba la inchi moja na nusu lina karibu milimita 48 kwa nje, hivyo vidole havifungi vizuri. Ukitumia la namna hiyo, punguza uzito.

Usafi wa mikono

Kabla ya kuanza, nawa mikono, ikaushe, na usipake mafuta. Vua pete, kwani ikinasa huweza kuchuna kidole. Futa chuma kinachoshikwa na wengi, maana fangasi na vijidudu vya majipu huambukizwa kwa kugusana. Malengelenge usiyapasue. Ukimaliza, nawa tena kwa sabuni.

Lini uende hospitali

Ukisikia mlio wa ghafla mbele ya kiwiko, kisha pakavilia damu na msuli ukapanda juu, usiende kukandwa. Huenda kano imekatika, na hurekebishwa vizuri zaidi ikiwahiwa ndani ya wiki mbili za mwanzo. Ganzi isiyoisha nayo ionwe na daktari. Mwenye shinikizo la damu apimwe kabla ya kuanza mazoezi haya, kwani kukaza mikono kwa nguvu hupandisha presha.

Kijana, uzito unaoshindwa kuufungia gumba si wako bado. Upunguze, na nguvu zitakuja taratibu, In shaa Allah.

Wabillahi tawfiq.