Mtoto Anajifunza Nini Baba Akiuza Maua ya Kahawa?

Leo tunazungumza juu ya butura. Wenzetu wa Mkoa wa Kagera wanaijua vizuri. Kwa wasomaji wa mikoa mingine, tueleze kidogo. Butura ni kuuza kahawa ingali maua mtini. Mtu mwenye shida anakwenda kwa mtu mwenye fedha. Anapewa hela siku hiyo hiyo. Kahawa ikiiva, mwenye fedha anakuja kuchukua magunia. Bei ni ile waliyopatana wakati wa maua, na bei hiyo huwa ndogo sana.

Serikali imepiga marufuku butura. Mwaka 2018 iliagiza kahawa iuzwe kwa kupitia vyama vya msingi vya ushirika. Hata hivyo butura haikufa. Inafanywa usiku, bila karatasi, na mara nyingi bila mama wa nyumba kujua.

Juu ya hasara ya mkulima mwenyewe mengi yamekwisha semwa mikutanoni. Sisi leo tunataka kumtazama mtoto wake. Maana mtoto yupo pale. Anapalilia kahawa, anachuma, anaianika kwenye mkeka. Mvua ikitishia anakimbia kuianua. Halafu siku moja anakuja mtu na pikipiki, au na gari, anabeba magunia yote na kuondoka. Hakuna hela iliyotolewa. Mtoto anauliza, "Baba, kwani hii kahawa si yetu?" Anaambiwa anyamaze, mambo ya wakubwa hayamhusu.

Hilo ni somo, ndugu zetu. Baba hakufungua kitabu, wala hakusimama mbele ya ubao. Lakini mtoto amefundishwa kwamba kazi ni ya watu wa nyumbani na mali ni ya mtu wa pikipiki. Amefundishwa pia kwamba fedha ni jambo la kuficha.

Matokeo yake tunayaona. Kijana akitaka daftari au viatu, haombi. Anachota kahawa kidogo kidogo mkekani, anaipeleka kwa mnunuzi wa vichochoroni anayepima kwa kopo. Baba akigundua, fimbo zinatembea. Fimbo ni za nini? Kijana amefanya kama alivyoona: ameuza kwa siri, kwa bei ya hasara, kwa sababu ana shida leo. Tofauti ni kwamba baba aliuza magunia na mtoto ameuza kopo.

Sasa tufanye hesabu. Tunatumia bei ya mfano tu, kwa kuwa bei ya kahawa hubadilika kila msimu. Tuseme baba ana shida ya shilingi 100,000. Mwenye fedha anampa, na wanapatana kwa shilingi 1,000 kila kilo. Kwa hiyo baba anadaiwa kilo 100. Tangu maua mpaka kahawa kuiva ni miezi 9 au zaidi. Wakati wa mavuno bei kwenye chama ni shilingi 3,000 kwa kilo. Zile kilo 100 zina thamani ya shilingi 300,000. Baba alichukua 100,000 akalipa 300,000.

Je, kama angekopa kwenye kikundi cha kuweka na kukopa? Tuseme kikundi kinatoza riba ya shilingi 5 kwa kila shilingi 100 kwa mwezi. Kwa 100,000 riba ni 5,000 kila mwezi. Miezi 9 ni 45,000. Angelipa 145,000 kwa jumla. Kweli, vikundi vingi hutaka mkopo urudi mapema, pengine baada ya miezi 3. Mtu asiye na kitu kingine cha kuuza katikati, kuku au ndizi, atapata taabu. Hatusemi ni rahisi. Lakini tofauti ya 145,000 na 300,000 ni shilingi 155,000, na hizo ni sare za shule na zaidi.

Hesabu hii haina siri. Mtoto wa darasa la tano anaiweza kabisa. Sisi tunaofundisha madarasa ya watu wazima tunaona kwamba baba wengi wanaiweza vilevile, wakiwa darasani. Taabu ni kwamba daftari linabaki darasani. Nyumbani baba anaona aibu kuandika deni lake mahali ambapo mkewe na wanawe wanaweza kusoma.

Aibu hiyo ina gharama kubwa kuliko butura yenyewe. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika nchi yetu walitambuliwa mkoani Kagera. Katika miaka iliyofuata akina baba na akina mama wengi walikufa wangali vijana. Waliacha wajane na watoto wadogo kwenye vibanja vya migomba na kahawa. Watoto wengine hawakujua mpaka wa kibanja chao unapita wapi. Hawakujua baba alimdai nani, wala nani alimdai baba. Basi akaja jirani, akasema mpaka uko huku. Akaja mwingine, akasema marehemu alichukua fedha zangu. Nani angembishia? Mwenye habari alikuwa kaburini. Wapo waliopoteza kibanja chote namna hiyo.

Kwa hiyo baba mwenye daftari anafanya kazi kubwa. Aandike madeni, tarehe, kiasi, na jina la shahidi. Amwonyeshe mama. Amchukue mtoto watembee mpakani, amwonyeshe mimea ya mpaka mmoja mmoja. Amchukue binti pia, siyo wavulana peke yao. Wapo wazee wanaosema binti ataolewa, ya nini kumfundisha mipaka. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata ardhi, kuimiliki na kuitumia. Mzee asiyependa sheria hiyo amfundishe binti hata hivyo. Mara nyingi binti ndiye anayerudi kuwauguza wazee.

Tena kuna habari ya kumpa mtoto kitu chake. Wengi wetu tunafanya hivyo. Tunampa kifaranga, tunasema huyu ni wako, mlishe. Mtoto anamlisha kwa furaha. Akija mgeni, jogoo anachinjwa bila mtoto kuulizwa. Kwa hiyo alipokuwa kifaranga alikuwa wa mtoto, alipokuwa jogoo akawa wa baba! Kufanya hivyo ni butura ya nyumbani. Kama umempa mtoto kuku au mbuni mmoja wa kahawa, basi ni wake kweli. Ukimhitaji kuku yule, mwombe, mpatane, mlipe. Akikataa, vumilia. Ameanza kujua kupatana bei, na ni heri ajifunzie kwako kuliko kwa mlanguzi.

Na siku ya kupeleka kahawa kwenye chama, nenda naye. Asimame karibu na mizani. Asome kilo kabla karani hajaandika, halafu alinganishe na stakabadhi. Makarani wengi ni waaminifu, lakini hata mwaminifu huandika vizuri zaidi akiona kuna macho mawili ya mtoto yanasoma. Kama malipo yanakuja kwenye simu, mwonyeshe ujumbe ulioingia. Namba ya siri usimpe, wala usimpe mtu yeyote anayepiga simu akisema eti anatoka ofisini.

Tunaweka hapa hesabu moja ya kufanya nyumbani. Mkulima amepeleka kilo 86. Bei ni shilingi 2,800 kwa kilo. Makato ya chama na mengineyo ni shilingi 150 kwa kilo. Je, atapata fedha kiasi gani mkononi? Mpe mtoto kalamu, afanye yeye kwanza. Ninyi wazazi fanyeni kwenye karatasi nyingine, bila kutazamiana. Jibu ni shilingi 227,900.