Saratani ya Mlango wa Kizazi kwa Mama Mwenye VVU

Wapo akina mama wanaoishi na VVU ambao, wakiambiwa kuwa wana saratani ya mlango wa kizazi pia, hurudi nyumbani na kusema, "Basi, yamekwisha." Hayajakwisha.

Ni kweli, hatari ya mama huyu kupata saratani hiyo ni mara 6 ya ile ya mwenzake asiye na virusi. Lakini tiba ni ile ile: upasuaji ikigunduliwa mapema, ikiwa imeenea jirani, mionzi kwa wiki tano au zaidi, pamoja na dripu ya dawa iitwayo sisplatini. Hapa Tanzania mionzi hupatikana Ocean Road, Dar es Salaam, na Bugando, Mwanza.

Tunaloomba hasa ni hili: usiache dawa za kufubaza virusi, wala usimfiche daktari wa saratani. Sisplatini huweza kudhuru figo, na tenofoviri vilevile. Asipojua unameza nini, atakulindaje? Kadi ya kliniki usiiache nyumbani.

Na akina baba mjiandae mapema: wiki hizo zahitaji nauli, chakula, na mtu wa kubaki na watoto.