Rangi Iliyofutwa Usiku

Usiku wa kuamkia tarehe 21 Agosti 2025, mafundi wa Idara ya Uchukuzi ya jimbo la Florida, Marekani, walifika kwenye makutano ya South Orange Avenue na Esther Street jijini Orlando, wakafuta kivuko cha waenda kwa miguu kilichopakwa rangi za upinde wa mvua. Kulipopambazuka palibaki mistari myeupe juu ya lami nyeusi, kama kwenye kivuko kingine chochote. Asiyejua historia ya mahali pale angedhani ni matengenezo ya kawaida ya barabara. Lakini kando ya kivuko hicho ndipo ilipokuwa klabu ya usiku ya Pulse, ambamo tarehe 12 Juni 2016 mtu mmoja mwenye bunduki aliua watu 49 na kujeruhi wengine zaidi ya 50 kabla ya yeye mwenyewe kuuawa na polisi. Pulse ilikuwa klabu ya wapenzi wa jinsia moja, na usiku ule ulikuwa wa muziki wa Kilatini. Wengi wa waliokufa walikuwa vijana, na karibu nusu yao walikuwa na asili ya Puerto Rico. Kufikia siku hiyo, Marekani ya zama zetu haikuwa imeona mtu mmoja akiua watu wengi kiasi kile kwa risasi. Mwaka uliofuata kivuko kikapakwa rangi ili kuwakumbuka, na idhini ilitoka kwa Idara ileile ya Uchukuzi iliyokuja kukifuta miaka minane baadaye.

Sababu iliyotolewa ilikuwa usalama na utaratibu. Mwanzoni mwa Julai 2025 Waziri wa Uchukuzi wa Marekani, Sean Duffy, aliwaandikia magavana wa majimbo yote akiwataka wahakikishe barabara zinabaki kwa ajili ya usalama, bila ujumbe wa kisiasa wala michoro ya sanaa. Florida ililipokea agizo hilo kwa ari zaidi kuliko majimbo mengi. Gavana Ron DeSantis alijibu waliolalamika kwamba barabara za jimbo hazitaachwa zitekwe kwa malengo ya kisiasa. Meya wa Orlando, Buddy Dyer, naye akasema kufuta sehemu ya kumbukumbu ya wafu kwa haraka, bila takwimu za usalama wala mazungumzo, ni kitendo cha kisiasa na cha kikatili. Kwa hiyo kila upande uliushutumu mwingine kwa kosa lilelile, yaani siasa. Shutuma hiyo haitufikishi popote. Kuweka alama ya kumbukumbu hadharani ni siasa tangu mwanzo, kwa sababu ni jamii kuamua nani akumbukwe, wapi, na kwa gharama ya nani. Kuiondoa nako ni siasa kwa kiasi kilekile. Linalotofautisha uondoaji wa haki na ule wa dhuluma ni kama anayeondoa anakiri kwamba anafanya uamuzi wa kisiasa, akautetea hadharani mbele ya wanaoguswa nao. Madai ya “kuondoa siasa” yana faida moja kubwa kwa mwenye mamlaka: yanamwepusha na utetezi huo.

Tuanze na hoja ya usalama, kwa kuwa si hoja ya kubuni. Marekani ina mwongozo wa kitaifa wa alama za barabarani, na wahandisi wa serikali kuu wamekuwa wakionya kwa miaka mingi kwamba rangi na michoro kwenye vivuko inaweza kumchanganya dereva. Mwaka 2019 mji mdogo wa Ames, jimboni Iowa, uliandikiwa barua ukitakiwa kuondoa kivuko chake cha upinde wa mvua; mji ukakataa na mambo yakaishia hapo. Wasiwasi huo basi ni wa zamani kuliko ugomvi wa Orlando. Hata hivyo, ushahidi uliopo hauegemei upande wa wasiwasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 na taasisi ya Bloomberg Philanthropies ulichunguza maeneo 17 yaliyochorwa sanaa kwenye lami, ukilinganisha ajali za kabla na za baada. Ajali zilizohusisha waenda kwa miguu na watumiaji wengine wa barabara wasio na kinga zilipungua kwa asilimia 50, na ajali zote kwa jumla zilipungua kwa asilimia 17. Maeneo 17 ni machache, na taasisi hiyo ndiyo inayofadhili michoro ya namna hiyo, kwa hiyo msomaji ana haki ya kuwa na shaka. Lakini mwenye shaka na takwimu za mwenzake hana budi kuleta zake, na meya alilalamika kwamba hakuonyeshwa yoyote. Mhandisi anayeamini kwamba kivuko fulani ni hatari ana njia ya kawaida ya kufuata: anapima, anaandika ripoti, anaiwasilisha kwa jiji, anasikiliza majibu, kisha anaamua. Kazi ya usiku wa manane inarukia mwisho moja kwa moja, bila hatua hizo.

Watetezi wa serikali ya Florida wana jibu zito zaidi, nalo ni kwamba sheria ilimgusa kila mtu. Ni kweli. Huko Tampa mchoro wa barabarani wa kuwaunga mkono polisi uliingizwa kwenye orodha ya vinavyopaswa kufutwa. Huko Daytona Beach, jiji linaloishi kwa mashindano ya magari, vivuko vyenye mirabaraba kama bendera ya mwisho wa mbio navyo viliondolewa. St. Petersburg ilipoteza mchoro wa kuadhimisha historia ya Wamarekani weusi pamoja na upinde wake wa mvua. Haiwezekani kusema kwamba wapenzi wa jinsia moja peke yao ndio walioonewa, na waandishi waliosema hivyo walirahisisha mambo. Hata hivyo, sheria inayotendea vitu visivyofanana kana kwamba vinafanana haijatimiza haki kwa kufanya hivyo. Mirabaraba ya Daytona ilikuwa pambo la jiji, na kivuko cha Orlando kiliwekwa mahali watu 49 walipouawa, kwa ruhusa ya serikali, mbele ya familia zao. Sheria yenye busara huacha mlango wa kuombea hali ya pekee. Hapa familia za wafu hazikuonyeshwa mlango wowote wa aina hiyo. Na kama kweli ilikuwa rangi tu, yaliyofuata hayaeleweki: wakazi walikuja na chaki wakazirudisha rangi, idara ikafuta tena, kisha askari wa doria ya barabara kuu wakawekwa kulinda kivuko. Mtu mmoja alikamatwa kwa tuhuma za kupaka chaki kwenye soli za viatu vyake na kuvuka. Jaji hakuona sababu ya kutosha ya kumshikilia. Chaki huondoka kwa mvua moja, na Florida ya mwezi Agosti haina uhaba wa mvua.

Ili kuona kama usalama wa barabara ndio kiini cha jambo, tutoke barabarani twende baharini. Mwaka 2016 Jeshi la Wanamaji la Marekani lilitangaza kwamba meli yake moja ya kubeba mafuta itaitwa Harvey Milk. Milk alikuwa mwanamaji wakati wa Vita vya Korea, akalazimika kuacha jeshi kwa sababu ya mapenzi yake, na mwaka 1977 akachaguliwa kuwa diwani wa San Francisco, mmoja wa wapenzi wa jinsia moja wa kwanza nchini humo kuchaguliwa bila kujificha. Tarehe 27 Novemba 1978 aliuawa kwa risasi ofisini, siku moja na Meya George Moscone. Mwishoni mwa Juni 2025 Waziri wa Ulinzi, Pete Hegseth, aliondoa jina la Milk na kuipa meli jina la Oscar V. Peterson, akieleza kwamba anaondoa siasa katika utoaji wa majina ya meli. Hapa hapakuwa na dereva wa kuchanganywa macho, lakini sababu iliyotolewa ilikuwa ileile. Peterson ni shujaa wa kweli, aliyepata nishani ya juu kabisa ya nchi yake kwa ujasiri wake katika mapigano ya Bahari ya Matumbawe mwaka 1942, na hakuna anayemnyima heshima hiyo. Ni kweli pia kwamba kuchagua jina la Milk mwaka 2016 kulikuwa kitendo cha kisiasa. Ila waliolichagua walisema waziwazi wanachofanya: walitaka kumheshimu mtetezi wa haki za kiraia. Waliolifuta walidai hawafanyi siasa yoyote. Februari mwaka huohuo tovuti ya hifadhi ya taifa ya Stonewall, New York, mahali palipozuka ghasia za wapenzi wa jinsia moja dhidi ya polisi Juni 1969, ilikuwa imefutwa maneno yote yanayowataja waliobadili jinsia, na huko nako hapakuwa na gari lolote lililopunguziwa hatari.

Pingamizi gumu kuliko yote limo Orlando yenyewe. Katika bustani ya Lake Eola, katikati ya jiji, ilisimama kwa miongo mingi sanamu ya askari wa majimbo ya Kusini yaliyopigana kuulinda utumwa, ambayo wenyeji waliizoea kwa jina la Johnny Reb. Mwaka 2017, mwaka uleule kivuko kilipopakwa rangi, jiji lilianza kuiondoa chini ya Meya Dyer yuleyule. Je, huyu si mtu anayelia anapofanyiwa alichowafanyia wengine? Waliolia kwa ajili ya sanamu ile nao walisema historia yao inafutwa. Swali hilo linastahili jibu la maana, na kusema tu kwamba utumwa ulikuwa uovu hakutoshi, kwa kuwa kila upande huona uovu kwa mwenzake. Tofauti iko kwenye njia. Habari za sanamu zililetwa kwenye mkutano wa wazi wa halmashauri ya jiji mwezi Mei, watu wa pande zote mbili wakasema, uamuzi ukatangazwa, na sanamu haikuvunjwa: ilihamishiwa makaburi ya Greenwood, kwenye sehemu walikozikwa askari wa upande huo. Aliyetaka kuiona bado angeweza kuiona. Makaburi hayohayo, kwa bahati, yanawahifadhi baadhi ya waliouawa Pulse. Kivuko hakikupata mkutano wala mahali pa kuhamia. Anayekubali kwamba Johnny Reb alitendewa haki, au hata anayepinga, anaweza kutumia kipimo kilekile kwa kesi zote mbili bila kubadili imani yake kuhusu askari wa Kusini au kuhusu mapenzi ya jinsia moja.

Neno hilo la mwisho linamhusu msomaji wa Kiswahili moja kwa moja, maana wengi wetu tumelelewa katika dini zinazokataza mapenzi ya namna hiyo, na katika nchi kama Tanzania, Kenya na Uganda sheria nazo zinayakataza. Huyu anaweza kuuliza kwa nini akasirikie kufutwa kwa rangi ambazo kwake ni tangazo la jambo asilolikubali. Jibu ni kwamba kumbukumbu ya waliouawa haimtaki anayepita aidhinishe maisha yao. Kati ya waliokufa Pulse alikuwamo mama aliyekwenda kucheza muziki na mwanawe. Sisi wenyewe tunapokwenda msibani hatuhesabu kwanza dhambi za marehemu. Pana pia utata ambao mashabiki wa kivuko hupenda kuuruka: ushahidi uliotolewa mahakamani mwaka 2018, katika kesi ya mjane wa muuaji, aliyeachiwa huru, ulionyesha kwamba muuaji, aliyejitangaza kuwa mtiifu kwa kundi la Dola la Kiislamu, alikuwa ametazama maeneo mengine kwanza na huenda hakuichagua Pulse kwa sababu ya wateja wake. Wapo wanaosema basi upinde wa mvua hauna mahali pale. Lakini rangi zile hazikueleza nia ya muuaji. Zilieleza mahali pale palikuwa pa nani na waliokufa walikuwa akina nani. Mwaka 2019 tamko la kwanza la Gavana DeSantis la kuadhimisha mauaji hayo liliwataja wafu bila kuitaja jamii yao, na kwa malalamiko yaliyozuka likatolewa upya likiwa limerekebishwa. Wakati ule hata ofisi yake iliona kwamba kuomboleza watu huku ukificha walikuwa nani ni kuomboleza nusu.

Athari zimekwisha kuenea. Key West ilipoteza kivuko chake cha Duval Street, na Miami Beach kile cha Ocean Drive. Mwenye nguvu mpishe, walisema wahenga, na majiji ya Florida, ambayo mamlaka yao yanaweza kupunguzwa na bunge la jimbo wakati wowote, yamelielewa hilo vizuri: kumbukumbu sasa inatafutiwa kiwanja chenye hati ya jiji, mbali na barabara ya jimbo. Orlando iliununua uwanja wa Pulse mwaka 2023 kwa dola milioni 2, baada ya mradi wa makumbusho wa taasisi binafsi kusambaratika, na inapanga kufungua mnara wa kudumu mwaka 2027. Kiwanja hicho hakimo katika mamlaka ya Idara ya Uchukuzi. Usalama wake, hata hivyo, unategemea wabunge wa jimbo huko Tallahassee, ambao mwaka 2024 waliletewa muswada wa kulinda minara na kumbukumbu za kihistoria za Florida. Muswada huo haukupita. Uliandikwa zaidi kwa ajili ya sanamu za askari wa Kusini, na ungewaadhibu viongozi wa majiji na kaunti wanaoziondoa.