Kwa nini ardhi hutetemeka kabla ya mshindo kusikika

MKAZI wa Majengo, Nairobi, akitazama kwa mbali mafundi wa jua kali wa Gikomba, huona nyundo ikitua juu ya chuma, na mlio humfikia baadaye kidogo. Mwanga umemfikia papo hapo ilhali sauti ingali njiani.

Sauti ni mtetemo unaopokezanwa na chembechembe za kitu, na kasi yake hutegemea kitu hicho ni kipi. Katika hewa yenye joto la nyuzi 20, hali ya kawaida jijini Nairobi, sauti husafiri mita 343 kwa sekunde. Katika maji hufikia karibu mita 1,480, na katika chuma huzidi mita 5,000.

Wengi hudhani kwamba sauti hukimbia katika yabisi kwa sababu yabisi ni nzito. Sivyo. Uzito wenyewe huichelewesha. Kinachoiharakisha ni ugumu: chembechembe za yabisi zimeshikamana kwa nguvu, hivyo moja ikisukumwa jirani yake naye husukumwa mara moja. Chembechembe za gesi zimetengana, na sharti moja isafiri kwanza ndipo igonge nyingine. Ndiyo maana madini ya risasi, ambayo ni mazito kuliko chuma lakini ni laini, hupitisha sauti polepole kuliko chuma.

Tofauti hii ilidhihirika Agosti 7, 1998, bomu liliposhambulia ubalozi wa Marekani karibu na makutano ya barabara za Moi na Haile Selassie na kuua zaidi ya watu 200. Majengo iko takriban kilomita mbili kutoka hapo. Mshindo uliopitia hewani ulihitaji kama sekunde sita kufika mtaani humo, ilhali mtetemo uliopitia mwambani ulihitaji sekunde moja hivi.

Mitambo ya kupimia matetemeko ya Chuo Kikuu cha Nairobi, umbali wa kilomita tatu hivi, ilinasa mtetemo wa ardhi kwanza, kisha wimbi la hewani. Baadaye wanasayansi walitumia rekodi hizo kukadiria ukubwa wa bomu.

Elimu hii inaweza kuokoa macho na maisha. Siku hiyo, mlio wa guruneti lililotangulia uliwavuta wafanyakazi wengi madirishani, na bomu lilipolipuka sekunde chache baadaye, vioo viliwajeruhi vibaya. Mjini Chelyabinsk, Urusi, Februari 15, 2013, watu walioona mwako wa kimondo angani walienda madirishani kutazama. Wimbi la hewa lilifika zaidi ya dakika moja baadaye, na zaidi ya watu 1,000 wakajeruhiwa, aghalabu kwa vioo.

Wimbi linalovunja vioo husafiri hewani pamoja na mshindo, nyuma ya mwanga na nyuma ya mtetemo wa ardhi. Kwa hivyo, ukiona mwako mkubwa au ukihisi sakafu ikitikisika ghafla, usikimbilie dirishani. Lipe dirisha mgongo, ulale chini na kujifunika kichwa. Kila kilomita moja kati yako na mlipuko hukupa takriban sekunde tatu tu za kufanya hivyo.