Paneli za Sola: Lebo, Futi na Upepo Chini ya Bati

Fedha za kahawa zikishaingia, mwenye nyumba wa Matiri anayeshuka Mbinga mjini kununua sola huwa na swali moja mdomoni: paneli ipi inahimili joto? Swali ni zuri, ila muuzaji mwenye haraka atalijibu kwa kumwonyesha iliyo ghali kuliko zote dukani. Mimi nasema aina ya paneli ina uzito mdogo kuliko namna itakavyofungwa na kitu itakachounganishwa nacho.

Kwanza tuelewane: paneli hufanya kazi kwa mwanga, na joto ni adui yake. Wati zilizoandikwa nyuma yake zilipimwa seli zikiwa na nyuzi joto 25, chini ya mwanga wa wati 1,000 kwa kila mita ya mraba. Juu ya paa la bati, saa saba mchana mwezi Oktoba, seli hizo hizo zinaweza kufika nyuzi 65. Kila nyuzi inayozidi 25 hupunguza nguvu: takribani asilimia 0.4 kwa paneli za zamani za polikristali, 0.35 kwa monokristali nyingi zilizozoeleka, na 0.3 kwa kizazi kipya cha TOPCon. Piga hesabu. Paneli ya polikristali ya wati 100 ikifika nyuzi 65 itabaki na wati 84. Ya TOPCon itabaki na 88. Tofauti yenyewe ni wati nne, yaani taa moja ndogo.

Sasa chukua ile ya bei nafuu, uinyanyue sentimita 10 hadi 15 juu ya bati ili upepo upite chini yake. Joto la seli laweza kushuka nyuzi 10 hivi, na wati nne zile zile umezipata kwa gharama ya vipande vya chuma na boliti. Fundi anayeilaza paneli juu ya bati la msauzi bila nafasi anakupunja kila siku ya jua, hata kama hakukusudia.

Kukaa mlimani au ziwani nako kunaleta tofauti, lakini si kama watu wanavyodhani. Maji ya Ziwa Nyasa hayafiki mita 500 juu ya usawa wa bahari, na Mbinga mjini ni zaidi ya mita 1,000. Hewa ya Umatengo, yaani milima ya Mbinga, ni baridi kuliko ya Mbamba Bay kando ya ziwa kwa nyuzi kadhaa, na jua likiwa sawa, paneli ya Mbinga itazidi ile ya Mbamba Bay kwa asilimia mbili tatu tu.

Baridi ya milimani ina hatari yake, na hii wengi hawaambiwi. Volti za paneli hupanda kadiri baridi inavyozidi. Paneli kubwa za wati 550 zinazouzwa siku hizi huwa na volti kama 50 zisipobeba mzigo; kwenye lebo tafuta herufi Voc. Asubuhi ya Juni, hewa ikiwa nyuzi 10 na jua ndilo kwanza limeipiga, volti hizo hufika 52. Kontrola, kile kifaa kati ya paneli na betri, ikiwa na kikomo cha volti 50 inaweza kuungua hapo hapo, na mwenyewe akabaki analaumu radi.

Kontrola yenyewe ndiyo inayopoteza umeme mwingi kuliko joto lote nililolieleza. Ile ya bei rahisi, PWM, huishusha paneli hadi kwenye volti za betri. Paneli ya wati 550 hutoa ampea 13 hivi kwa volti 41. Ukiiunga kwa PWM kwenye betri ya volti 12, unapata ampea zile zile 13 kwa volti 13, wati 170 basi. Theluthi mbili ya fedha yako imelala juu ya paa. Paneli kubwa inataka kontrola ya MPPT, isiyoishusha hivyo. Kama mfuko hauruhusu, nunua paneli ndogo zilizotengenezwa kwa betri ya volti 12, zile ambazo lebo zake zinaonyesha Vmp, yaani volti zikiwa zimebeba mzigo, ya 18 hivi. Usishuke chini ya hapo: kwenye nyuzi 65 hizo 18 hubaki kama 15, na betri ya risasi inahitaji 14.4 ili ijae.

Kuhusu paneli za uongo, nenda dukani na futi. Paneli nzuri ya leo hutoa wati 200 hivi kwa mita moja ya mraba. Ukiuziwa ya sentimita 50 kwa 60 iliyoandikwa wati 100, jua umedanganywa, kwa sababu hakuna paneli ya dukani inayoweza kufanya hivyo. Lebo ya kweli pia hutaja viwango vya IEC 61215 na IEC 61730, ingawa karatasi nayo huchapishwa na yeyote.

Huku kusini mwa nchi, tukiwa nyuzi 11 kusini mwa ikweta, paneli itazame kaskazini ikiwa na mwinamo wa nyuzi 15 hivi, ili mvua iioshe. Kiangazi kuna vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa, basi ipanguse asubuhi kabla haijapata moto.

Betri iweke chini, ndani, mbali na bati. Betri ya risasi iliyozoea nyuzi 35 huishi karibu nusu ya maisha ya ile iliyokaa kwenye 25, na kwa wakazi wa Liuli na Lituhi, kwenye joto la ziwani, hilo ni muhimu kuliko jina la kiwanda cha paneli.

Na duka lisilokuruhusu kuigeuza paneli usome lebo na kuipima kwa futi, lipite uende la jirani.