Kamera ya Mkanda na Amana Iliyomo Ndani Yake

Zipo nyumba nyingi ambamo juu ya kabati limewekwa sanduku lisilofunguliwa ila mara moja kwa miaka. Ndani yake imo kamera ya video ya mkanda, pengine zawadi ya jamaa aliyekuwa Maskati, pamoja na kaseti zilizoandikwa kwa kalamu: arusi ya binti, maulidi ya mtaani, babu akiwausia wajukuu. Babu huyo leo yu mbele ya haki, na sauti yake haipo popote ila katika mkanda ule mwembamba. Basi siku watoto watakapo kumsikia, kamera hukataa kufanya kazi, na watu hudhani ya kuwa imekufa. Mara nyingi haikufa. Ina maradhi madogo yenye dawa. Twapenda kuyaeleza kwa manufaa ya jamaa zetu wa Ruaruke na sehemu nyingine za Kibiti na Rufiji, ambako joto, unyevu na vumbi ni maadui wa kila siku wa chombo hiki.

Yafaa kwanza kujua kinavyofanya kazi. Ndani ya kamera mna ngoma ndogo ya chuma yenye vichwa vya kusomea, ambavyo mafundi huviita hedi. Katika kamera za mkanda wa milimita 8, zilizoanza kuuzwa mwaka 1985, ngoma hiyo kwa kawaida huzunguka mara 25 kwa sekunde; katika zile za MiniDV, zilizotoka mwaka 1995, huzunguka mara 150. Mkanda hupita ukiigusa ngoma hiyo. Kwa hiyo chembe ya vumbi isiyoonekana kwa macho yatosha kuharibu picha.

Ugonjwa wa kwanza ni unyevu. Mtu hutoka Dar es Salaam katika chumba chenye kiyoyozi, akafika kwetu na kufungua mkoba katikati ya joto. Mara alama ya tone la maji hutokea katika skrini na kamera hujifunga. Hiyo si hitilafu, bali ni kinga, kwa sababu mkanda ungegandamana na ngoma iliyolowa. Toa kaseti, acha mlango wake wazi, ungoje saa moja au zaidi. Na ili kuepuka jambo hilo, iache kamera ndani ya mkoba uliofungwa mpaka ipate joto la mahali.

Ugonjwa wa pili ni hedi chafu. Picha huwa na mistari, au chenga kama theluji, au hukatika vipande vya mraba, na sauti hupotea. Tumia kaseti ya kusafishia kwa sekunde chache tu, kama ilivyoandikwa juu yake, wala usizidishe, kwa maana hukwangua. Usiingize kidole wala pamba. Nyuzi zake hunasa katika hedi.

Ugonjwa wa tatu ni kaseti kukataa kutoka. Mlango wa kaseti huendeshwa na mota, basi betri ikiwa dhaifu, hukwama. Unganisha kwanza kamera na umeme, kisha ujaribu tena. Ukiona mkanda umejisokota ndani, acha hapo hapo. Sisi wenyewe tulipata kuuvuta mkanda wa jamaa yetu kwa pupa, ukakatika. Twasema haya kwa majuto ili mwingine asirudie.

Ugonjwa wa nne ni kamera kukataa kurekodi. Tazama kijiswichi kilicho ubavuni mwa kaseti. Kikiwa upande wa kufunga, hairekodi. Kwa kaseti zenye ukumbusho, kifunge leo hii, maana arusi nyingi zimefutwa na mtoto aliyechezea kitufe.

Pengine mkanda uliotoka Marekani huonekana bila rangi au huruka-ruka katika deki zetu. Huo si ugonjwa. Wao walitumia mfumo wa NTSC wenye mistari 525, na sisi PAL wenye mistari 625. Tafuta deki inayosoma mifumo yote miwili.

Lakini adui mkubwa kuliko wote ni kuvu. Ukiona madoa meupe juu ya mkanda kupitia kidirisha cha kaseti, usiiingize katika kamera kabisa, kwani kuvu hiyo itahamia katika hedi na kutoka hapo katika kaseti nyingine. Itenge na upeleke kwa fundi. Kaseti nzima zirudishwe mwanzo, zisimamishwe wima katika chombo kikavu chenye mfuniko, pamoja na vile vijifuko vya kunyonya unyevu vinavyopatikana katika maboksi ya viatu, mbali na spika.

Hata hivyo, kutunza peke yake hakutoshi. Kampuni ya Funai ya Japani iliacha kutengeneza deki za VHS mwaka 2016, na kamera za mikanda hazitengenezwi tena. Nayo mafuriko ya Aprili 2024 yalipoingia Rufiji na Kibiti, hayakuchagua kabati la mtu. Hapana budi kunakili katika kompyuta. Saa moja ya mkanda huchukua saa moja kunakiliwa, na ile ya MiniDV hutaka takriban gigabaiti 13. Ziwe nakala mbili, na moja ikae katika nyumba nyingine, mbali na mto.

Na hapa twawakumbusha jambo ambalo fundi hataliuliza. Katika mikanda ya arusi wamo mama zetu na dada zetu, waliokubali kupigwa picha wakiwa ndani, miongoni mwao. Wao hawakuruhusu macho ya dukani. Basi mchague fundi mwaminifu, au mwanamke ajuaye kazi hiyo; kaa naye mpaka amalize, na uhakikishe hakubaki na nakala. Kama jambo hilo haliwezekani, ni heri kijana wa nyumbani ajifunze kunakili mwenyewe.

Enyi vijana, fungueni sanduku hilo wiki hii, wakati wazee wangali hai wa kuwatajia majina ya wale walio katika picha. Mashine yaweza kutengenezwa. Jina lililosahauliwa halina fundi. Mwenyezi Mungu atuwezeshe kutunza amana.